Kupanda Ipogolo bila kukata pumzi

Ndugu, umeuliza utajuaje nguvu unayotumia wakati huna saa ya kupima mapigo, maana kila ukipanda mlima kwa baiskeli kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini unaishiwa pumzi katikati.

Tumia kipimo cha Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, ambapo unajipa mwenyewe namba kwa jinsi unavyohisi ugumu wa kazi: 6 ni kutulia kabisa, 20 ni mwisho wa uwezo. Kwenye 11 unapiga soga kama uko kijiweni. Kwenye 13 sentensi inakatika kidogo. 15, maneno matatu manne tu. 17, hutaki hata kusalimiwa.

Shida yako nadhani ni dakika mbili za mwanzo wa mlima. Pumzi na mapigo huchelewa kuifuata miguu, kwa hiyo unahisi 13 huku miguu inafanya kazi ya 16, na deni unalilipa juu. Anza kwa 11. Baada ya dakika tatu ndipo upandishe hadi 14.

Halafu gia. Ukinyonga gia nzito, mapaja yanawaka kabla ya pumzi na namba inakupotosha. Hesabu mizunguko ya mguu wa kulia kwa sekunde 15: 17 hadi 20 ni sawa, chini ya 15 weka gia nyepesi.

Jifunzie tambarare: dakika 5 kwenye 11, 5 kwenye 13, 2 kwenye 15. Kila kipande kikiisha taja namba kwanza, kisha simama upime mapigo shingoni sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa kijana mzima wa afya, namba 13 huwa karibu na mapigo 130 kwa dakika. Usikawie, ukisimama mapigo hushuka haraka. Kasi achana nayo, upepo wa Iringa utakuvurugia hesabu. Kifua kikibana, shuka na umwone daktari.