Nahamia hosti mpya, wanasema nibadilishe neimseva tu, je inatosha?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Nina tovuti ya WordPress ina kama miaka minne sasa, ndani yake kuna duka, na barua pepe za ofisi tunatumia za domeini hiyohiyo. Hosti niliyopo imekuwa nzito mno nimechoka nayo, nimeshalipia nyingine. Hawa wapya wameniambia nipakie mafaili alafu nibadilishe neimseva basi. Naogopa tovuti isije ikazima nikapoteza oda na barua pepe. Niwafuate?

Jibu: Ndugu yangu, neimseva usiziguse leo wala kesho. Naanza na hilo kabla hata ya salamu kwa sababu ndo sehemu inayoumiza watu wengi, mafaili kuyahamisha ni kazi ya jioni moja, ila barua pepe na oda zikipotea hazirudi.

Kwanza tuelewane, hapo una vitu vitatu na watu wengi wanaviona kama kimoja. Kuna domeini, yani lile jina ulilosajili. Kuna hosti, kule mafaili na databesi vinakolala. Alafu kuna DNS, ambayo ni kama daftari la kuelekeza, mtu akitaka tovuti aende seva ipi, barua ikija ipelekwe wapi. Wewe unahamisha hosti tu. Domeini iache kwa msajili wako ilipo, kama unataka kuihamisha nayo fanya hivyo baadaye kabisa, sio wiki moja na hii.

Sasa neimseva ndo seva zinazotunza hilo daftari, ukizibadilisha hujabadilisha mstari mmoja, umebadilisha daftari zima. Daftari jipya kule kwa hosti mpya mara nyingi lina vitu vichache tu ambavyo paneli yao imejiwekea yenyewe, na rekodi zako zote za zamani hazimo mpaka uzipeleke mwenyewe. Miaka ya nyuma nilihamisha tovuti ya kampuni moja ndogo Ijumaa jioni, kurasa zikawa zinafunguka fasta, nikalala kwa amani. Jumatatu asubuhi mhasibu wao ananipigia ananiuliza mbona tangu Ijumaa haijaingia barua hata moja. Barua zao zilikuwa kwa kampuni nyingine tofauti na hosti, rekodi ya MX, ule mstari unaosema barua ziende seva ipi, sikuibeba, paneli mpya ikajiwekea MX yake inayoelekea seva mpya ambako hakukuwa na kikasha hata kimoja. Kila barua iliyofika ilijibiwa kwamba huyu mtu hayupo na ikarudishwa palepale. Ingekuwa seva ya barua imezima kabisa ingekuwa nafuu, maana seva inayotuma huwa inaendelea kujaribu, kiwango kinachopendekezwa ni siku 4 hadi 5, ila ukishamjibu hayupo basi imeisha. Yule mhasibu alikaa siku nzima anapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba watume upya, na kosa lilikuwa langu mimi. Tangu siku hiyo sigusi kitu kabla sijanakili daftari lote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza fungua paneli ya DNS unayotumia sasa, piga picha ya kila mstari. A (ile yenye IP, yani namba ya seva ya tovuti), AAAA, CNAME, MX, TXT zote, hata zile huzielewi. Kwenye TXT ndo kuna SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ukizisahau barua zako zitatoka lakini zitaishia kwenye spamu za watu na hutajua kwa nini. AAAA nayo inasahaulika sana, ni anwani ya IPv6, ukibadilisha A ukaiacha AAAA ya zamani basi wageni wengine watakuja seva mpya na wengine wataendelea kwenda ya zamani, utahangaika siku tatu unatafuta tatizo.

Alafu angalia hilo daftari liko kwa nani. Kama DNS yako iko kwa msajili wa domeini au kampuni nyingine isiyo hosti ya zamani, neimseva huna haja ya kuzibadilisha kabisa, unabadilisha A tu (na AAAA kama ipo) iende IP mpya na MX unaiacha kama ilivyo. Hii ndo njia ninayoipenda maana TTL ya rekodi A, yani muda watu wanaoikumbuka kabla ya kuuliza upya, unaipanga wewe. Siku moja au mbili kabla ishushe iwe sekunde 300, yani dakika 5, ili siku ya kuhama watu wahamie haraka na ukiona mambo mabaya urudi haraka vilevile. Neimseva huwezi kuzishusha hivyo, kwa domeini za .com kwa mfano upande wa juu kabisa TTL yake ni sekunde 172800, ambazo ni siku 2 kamili, ukikosea ndo unasubiri na kosa lako. Kama DNS iko kwa hosti unayoiacha, utalazimika kubadilisha neimseva, sawa, ila jaza kwanza rekodi zote kule kupya, na kama domeini ina DNSSEC (sahihi ya usalama ya rekodi za DNS) izime kwa msajili siku kadhaa kabla, la sivyo kuna watu domeini yako itawagomea kabisa.

Mafaili sina mengi ya kusema. Beba folda nzima pamoja na mafaili yaliyofichika kama .htaccess, toa databesi kwa zana kama mysqldump au phpMyAdmin, ikiwa kubwa phpMyAdmin itagoma kuipokea upande wa pili, waombe hosti wapya wakuingizie. Kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, badilisha DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST kama inatofautiana. Toleo la PHP weka linalokaribiana na la zamani, usihame na kupandisha toleo siku moja maana kikiharibika kitu hutajua nani kakiharibu.

Hapa sasa pazuri. Unaweza kuiona tovuti yako kwenye seva mpya kwa jina lake halisi kabla dunia haijajua. Kwenye kompyuta yako kuna faili linaitwa hosts, kwa Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, kwa Mac na Linux ni /etc/hosts, lifungue kama msimamizi, ongeza mstari mmoja chini kabisa: 203.0.113.25 jinalako.com www.jinalako.com. Hiyo namba weka IP ya seva yako mpya, sevu, fungua brauza upya. Kompyuta yako peke yake ndo inaenda kupya, wengine wote wako kwa zamani. Brauza inaweza kulalamikia cheti cha SSL (kile cha https), nitakuja huko. Bonyeza kila kitu, ingia kwenye dashibodi, fungua picha za zamani, weka bidhaa kwenye kapu. Ila oda ya majaribio usiimalize kwa malipo ya kweli, na ukimaliza ufute ule mstari, watu wanausahau alafu wanadhani tovuti imehama kumbe ni kwao tu.

Cheti cha SSL: kama hosti mpya inatumia Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya bure, kwa njia ya kawaida, hakitatoka mpaka domeini iwe inaelekea kwao, kwa hiyo kuna dakika kadhaa wageni wataona onyo. Kuepuka hilo nakili cheti cha zamani na ufunguo wake uvipakie kupya, au omba cheti kwa uthibitisho wa DNS kabla ya kuhama.

Oda sasa. Bekapu ya databesi uliyoijaribia ni ya juzi, tangu hapo wateja wameshanunua. Siku ya kuhama chagua saa ambayo kumbukumbu za duka lako zinaonyesha hakuna wanunuzi, weka tovuti ya ZAMANI kwenye hali ya matengenezo, toa databesi upya, iingize kupya juu ya ile ya majaribio, hakikisha oda ya mwisho kabisa ipo kwa namba yake, ndo ubadilishe rekodi A. Na ile ya zamani iache imefungwa hivyohivyo usiifungue tena, maana kuna watu bado DNS zao zitawapeleka kule kwa muda, afadhali waone tangazo la matengenezo kuliko walipe oda inayoingia kwenye databesi ambayo hakuna anayeiangalia.

Barua pepe kama vikasha vyenyewe viko kwa hosti ya zamani, tengeneza vikasha vilevile kupya kwanza, nakili barua kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva), kuna programu inaitwa imapsync inafanya kazi hiyo vizuri, badilisha MX, alafu baada ya siku 2 au 3 nakili tena kwa sababu kuna zilizochelewa kuingia kule kwa zamani. Mwenzio wa ofisini anayetumia POP3, njia inayoshusha barua kutoka kwenye seva, barua zake huenda ziko kwenye kompyuta yake tu, muulize mapema.

Akaunti ya zamani usiifunge, iache mwezi mmoja. Katika huo mwezi angalia kazi za kroni, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, kama zinafanya kazi kupya, tuma meseji kupitia fomu yako ya mawasiliano uone kama inafika, angalia logi za seva ya zamani nani bado anakuja. Ukiona wamebaki roboti tu, nakili barua mara ya mwisho, shusha bekapu nzima kwenye diski yako mwenyewe, jaribu kuifungua uone kama ni nzima, ndo uwaambie wafunge.