Duka moja, Edison na Victor pamoja

Umeuliza kama duka la Marekani la miaka ya 1900 lingeweza kuuza mashine za kuchezea muziki za kampuni ya Edison na za kampuni ya Victor kwa wakati mmoja, maana tangazo ulilolipata lina majina yote mawili. Lingeweza, na mengi yalifanya hivyo. Wengi wa wauzaji walikuwa na biashara nyingine, kama piano, fanicha au baiskeli, na mashine zilikaa pembeni.

Zilikaa vizuri pamoja kwa sababu Edison alitumia silinda za nta na Victor sahani bapa. Ukishanunua mojawapo, santuri za mwenzake hazikufai, basi muuzaji aliyekuwa na zote mbili hakumpoteza mteja yeyote. Mwenye silinda aliweza pia kurekodi nyumbani: unafunga kirekodi, mtoto anaimba mbele ya pembe (faneli ya sauti), jioni hiyohiyo mnamsikia. Mimi hapo ningechukua Edison bila kusita! Victor nayo ilikuwa na Victrola, kabati la mwaka 1906 la dola 200, pembe imefichwa ndani.

Bei ndiyo muuzaji hakuigusa. Kampuni zote mbili zilibandika masharti kwenye mashine yenyewe, zikikataza kuuza chini ya bei yao. Duka la Macy's la New York likakaidi, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa masharti ya Victor.

Kama mashine unayo, ipindue taratibu utazame chini. Kibandiko cha Edison mara nyingi bado kipo.