Pande nne sawa hazitoshi kufanya mraba
Ndugu, umeuliza kama msingi wenye pande nne za mita 4 kila moja lazima uwe na eneo la mita za mraba 16. Si lazima, kwa kuwa pande zikilingana bila pembe kuwa za nyuzi 90, umbo hilo ni rombasi, si mraba. Likilala hadi pembe kali zifike nyuzi 30, kimo chake huwa mita 2 tu na eneo hubaki mita za mraba 8. Vuta kamba kutoka kona hadi kona inayoikabili, kisha urudie kwa kona mbili zilizobaki: vipimo vyote viwili vikisoma takriban mita 5.66, jambo ambalo jicho pekee haliwezi kulithibitisha, msingi wako ni mraba.