Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Kupokea Ndege kwa Simuleta

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokwenda Uwanja wa Ndege wa Kigoma kumpokea shangazi, nilimwona kijana mwenye kizibao cha reflekta akiielekeza ndege ya panga boi kwa vijiti viwili mpaka ikasimama. Kazi ile imenivutia. Nimesikia kwamba siku hizi hufundishwa chumbani kwa simuleta, yaani mtambo unaoigiza hali halisi. Je, mtu anaweza kufuzu bila kusimama mbele ya ndege? Nauliza kwa sababu ndege zinazotua kwetu kwa siku ni chache.
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Kufuzu kabisa, hapana, lakini sehemu kubwa ya mafunzo inawezekana, na uchache wa ndege unaoutaja ndio unaoifanya simuleta iwe na faida zaidi kwa mikoa kama Kigoma. Marubani wenyewe wanaijua njia hii tangu Edwin Link wa Marekani alipounda simuleta yake mwaka 1929, akitumia, amini usiamini, viriba vya kinanda.

Yule uliyemwona si mwongoza ndege, ambaye hukaa mnarani na kuzungumza na rubani kwa redio. Ni mwelekezi wa maegeshoni. Utingo wa lori hugonga bodi na kupaza sauti, "Njoo, njoo, kata kulia"; mbele ya injini inayonguruma, mikono ndiyo inayosema, na maana ya kila ishara imewekwa katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga.

Mwanafunzi huvaa miwani ya uhalisia pepe au husimama mbele ya skrini kubwa, na kompyuta husoma mwendo wa vijiti vyake. Ndege hutii alichoonyesha, si alichokusudia, na hapo ndipo utamu wa somo ulipo. Ili ndege ipinde kushoto kwa rubani, mwelekezi hunyoosha kando mkono wake wa kulia, huku wa kushoto ukiita kama anayesema njoo. Kasi ya mkono unaoita ndiyo inayomweleza rubani apinde kwa ukali kiasi gani. Anayeanza, kwa kuwa ametazamana na rubani, hugeuza kulia kuwa kushoto, na bawa likagonga gari la mizigo ambalo halipo. Kosa hilo likifanyika mbele ya ndege halisi aina ya Dash 8-Q400, yenye mabawa ya mita 28.4 kutoka ncha hadi ncha na panga boi za kipenyo cha mita 4 na ushei, hakuna kitufe cha kuanza upya. Mkufunzi pia anaweza kuleta mvua ya usiku, moto kwenye injini au rubani asiyetii, mambo ambayo mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi asiyaone.

Upepo wa panga boi unaopeperusha vumbi usoni, kelele na magoti yanayotetemeka haviingii chumbani, kwa hiyo mazoezi ya maegeshoni chini ya msimamizi hayakwepeki. Chukua ishara ya breki: unainua kiganja wazi juu kidogo ya bega, macho yakikutana na ya rubani, kisha unafumba ngumi, wala husogei mpaka akuonyeshe dole gumba. Rubani wa kompyuta hulionyesha kwa wakati. Wa kweli anaweza kuwa ameinamia vyombo vyake, nawe ukabaki na ngumi juu, mwenzako akisubiri kando na kabari za matairi mikononi.