Java kuna shamba kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwanangu kapata nafasi ya kusoma Yogyakarta, kisiwa cha Java, Indonesia. Nimeambiwa kisiwa hicho kina watu kuliko Tanzania nzima, si watakuwa wanabanana kama Majengo sokoni? Halafu jirani anasema kinazama baharini. Nimwache aende? – Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Shikamoo wewe mama, mi mdogo hapa. Watu kweli wapo, sensa yao ya 2020 ilihesabu kama milioni 151 na yetu ya 2022 ni milioni 61 na ushee, na eneo lenyewe ni kama mkoa wetu wa Dodoma mara tatu tu. Ila shamba lipo tena sana, kisiwa kimejaa volkano na majivu yake yakilikalika chini yanakuwa udongo ambao sie wa huku na mvua yetu ya msimu mmoja tunauota tu, majaruba ya mpunga yamepangwa milimani kama ngazi na sehemu zenye maji wanavuna mara mbili hata tatu kwa mwaka. Ndo maana watu wamejazana.

Anayezama ni Jakarta mama, jiji la makao makuu yao lililopo kisiwani humo, sio Java nzima. Wamevuta maji ya visima miaka na miaka ardhi ikashuka, upande wa kaskazini ndo hali mbaya, na serikali ikaamua kujenga makao makuu mapya kisiwa kingine kabisa (hayo ya kuhama sisi wa Dodoma hatuhadithiwi, toka 1973 hiyo).

Yogyakarta ni mbali na huko, mji wa wanafunzi na batiki, na sultani wao ndo gavana hadi leo. Sikufichi, juu yake kuna mlima Merapi, 2010 ulilipuka ukaua watu zaidi ya 300, kwahiyo mwambie wakitangaza watu wahame asibaki kupiga picha.

Kijava, lugha ya huko, nacho kina maneno ya rika na maneno ya wakubwa, kumwongelesha mzee kama mshkaji ni aibu, hilo kama umemlea na shikamoo halitamsumbua. Chakula sasa! Fenesi changa wanalichemsha masaa na tui la nazi na sukari ya mnazi mpaka linakuwa kahawia, wanaliita gudeg, tamu kama jamu halafu unalia wali. Na wali ni asubuhi mchana jioni. Mfungie unga wa uwele kidogo, na mlenda mkavu kama begi lina nafasi.