Ukifundisha vimeng'enya, jaribu sumu ya kipepeo mweupe

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita hapa Kigoma, na hakuna mada inayokaririwa kama vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini. Kimeng'enya ni kufuli, kinachokiingia ni ufunguo, basi, wamemaliza. Siku hizi nawapa pierisini, sumu ya kipepeo yenye kimeng'enya ndani yake, na mwalimu mwenzangu nakushauri uijaribu.

Pierisini-1 ni protini ya Pieris rapae, kipepeo mweupe wa kabichi. Watafiti wa Japani waliigundua miaka ya 1990, walipoona majimaji ya pupa wake yakiua seli za saratani ya binadamu maabara. Ina asidi amino 850. Hujaa zaidi kiwavi akikaribia kuwa pupa, kisha hupungua. Wanafunzi watauliza kama ndiye huyu wa kwenye kabichi za sokoni Mwanga. Waambie viwavi wadogo wa kijani wanaosumbua wakulima wetu kwa kawaida ni wa nondo, Plutella xylostella, ukoo mwingine kabisa.

Sasa ubaoni. Usianze na DNA, anza na NAD. Wanaijua tayari kwenye upumuaji wa seli, ikibeba hidrojeni. Mimi huichora vipande viwili kwa chaki za rangi tofauti: nikotinamidi upande mmoja, ADP-ribosi upande wa pili. Halafu nafuta nikotinamidi na kukipeleka kile kipande kilichobaki hadi kwenye guanini, moja ya herufi nne za DNA, nikikigandisha kwenye naitrojeni iliyo nje ya pete zake. Hiyo ndiyo kazi yote ya kimeng'enya hiki. Mara nyingi hapo ndipo mkono unanyooshwa: "Madam, kumbe NAD inavunjwa? Si huwa inarudi?" Usikimbilie kujibu. Mwache mwingine ajibu, kwa sababu swali hilo linatenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Kwenye upumuaji NAD inapokea hidrojeni na kuiachia, inatumika tena. Hapa imekatwa, kipande kimebaki kwenye DNA.

Seli yenye guanini nyingi zilizobandikwa hivyo hushindwa kunakili DNA yake vizuri, na mwisho hujiua yenyewe. Matokeo hayo ya guanini yalichapishwa mwaka 2001, na yalishangaza kwa sababu sumu za aina hii zilizojulikana hubandika ADP-ribosi kwenye protini. Ya kipindupindu hufanya hivyo kwenye protini iitwayo Gs, seli za utumbo zikamwaga chumvi na maji. Ya dondakoo inaigusa EF-2, protini inayosaidia kutengeneza protini nyingine, utengenezaji huo ukasimama. Kwa wanafunzi wetu mfano wa kipindupindu hauhitaji maelezo marefu. Mlipuko wa Kagunga wa 2015, wakati wakimbizi wa Burundi wanavuka, bado unasimuliwa majumbani. Waweke sumu zote tatu kwenye jedwali moja: kinachokatwa ni kilekile, NAD, kinachobandikwa ni kilekile, panapobandikwa ndipo tofauti.

Jambo jingine: mwanafunzi akisikia "inaua seli za saratani", kesho utaikuta kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kama dawa. Kata mapema. Seli zilizouawa zilikuwa kwenye vyombo vya maabara, na sumu hiyo haiangalii seli ni ya saratani au la. Inaangalia mafuta yenye sukari kwenye utando, Gb3 na Gb4. Sehemu ya nyuma ya protini ndiyo inayoyashika ili iingie. Sehemu ya mbele ndiyo yenye kimeng'enya.

Nikimaliza natoa swali moja la kuandika. Seli mbili hazina Gb3 wala Gb4. Moja ukiimwagia pierisini kwa nje, na nyingine ukiiingizia ndani ile sehemu ya mbele peke yake kwa mshtuko wa umeme, ipi itadhurika zaidi, na kwa nini? Anayeandika "zote, kwa sababu ni sumu" mrudishe kwenye mchoro wa NAD.