Je, seli zote za ganglioni za retina hupeleka picha ileile?

Hapana, ndugu. Uliuliza kama seli zote za ganglioni, yaani zile za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zinazotuma habari ubongoni, hupeleka picha ileile. Kila aina ina kazi yake. Neva ya jicho moja ina nyuzi za seli hizi kama milioni 1. Nyingi hutoka kwenye aina ndogo iitwayo seli kibete. Pale katikati kabisa ya retina, kila seli kibete husikiliza koni (seli inayopokea mwanga na rangi) moja tu, ndiyo maana unaweza kusoma herufi ndogo hizi na kutofautisha nyekundu na kijani. Aina nyingine, seli mwavuli, hukusanya mwanga wa eneo pana na ni hodari kwa vitu vinavyosogea. Habari za aina hizi mbili hupitia thalamasi (kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo), kila moja kwa tabaka lake, kisha hufika gamba la ubongo huko kisogoni.

Zinazonivutia kuliko zote ni zile seli chache za ganglioni zenye melanopsini (protini inayohisi mwanga), zilizothibitishwa mwaka 2002. Hizi huhisi mwanga zenyewe! Hupeleka habari kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliko saa ya mwili, na kwenye kituo kinachobana mboni. Kwa hiyo baadhi ya watu waliopofuka kwa kufa kwa koni na fito (seli za kuonea kwenye mwanga hafifu), miili yao bado hutambua mchana na usiku.